Ushahidi wa Ushanga wa Kilwa

Basi la Lindi likisimama Nangurukuru, abiria wa Kilwa Masoko hushuka na kushika njia ya baharini. Masoko unapanda mashua, unavuka hadi Kilwa Kisiwani, na huko mvua kubwa ikishanyesha, ufukwe hutoa shanga za kioo. Ni ndogo kama punje za mtama, nyekundu ya tofali au samawati, tundu la uzi bado wazi.

Mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyechimba magofu ya kisiwa hicho miaka ya 1960, alizipanga shanga kwa rangi, umbo na namna zilivyotengenezwa. Macho hayafiki mbali zaidi ya hapo. Shanga mbili zilizofanana kama pacha zaweza kuwa zimetoka matanuri yaliyo mbali mbali, na siri hiyo imo ndani ya kioo. Mchanga ulioyeyushwa hubeba elementi za udongo wa kwao, kidogo mno, ambazo fundi hakuzitia wala hakujua zimo. Maabara huupiga ushanga kwa leza ikatoboa kitundu kisichoonekana kwa macho. Vumbi lake huchomwa katika gesi ya agoni yenye joto la maelfu ya nyuzi, kisha atomi zikahesabiwa, hata zile zilizo chache katika kila milioni.

Kwa njia hiyo mtafiti Laure Dussubieux na wenzake, mwaka 2008, walitenganisha vioo vya Asia Kusini. Kimoja kina urani nyingi na bariamu kidogo, nacho kimepatikana Chaul, magharibi mwa India, na katika shanga za pwani yetu. Kingine, cha kusini mwa India na Sri Lanka, ni kinyume chake. Kwangu mimi hii ni kazi ya kuvuliwa kofia.

Hata hivyo ushanga hautaji nahodha, wala bandari ulizopitia. Vioo vikuukuu vikiyeyushwa pamoja, alama za kwao huchanganyika. Na tanuri ambalo kioo chake hakijapimwa haliwezi kutambuliwa.

Mahakamani, kulisahau hilo ni hatari. Nchini Marekani, idara ya upelelezi ya FBI ilipima kwa miongo kadhaa antimoni, arseniki na elementi nyingine katika risasi, na wataalamu wakatoa ushahidi wa kuihusisha risasi iliyoua na sanduku la risasi la mshtakiwa. Mwaka 2004 Baraza la Taifa la Utafiti la nchi hiyo lilieleza kwamba vipimo vilikuwa sawa, tafsiri ndiyo iliyozidi: madini ya chungu kimoja huweza kutoa risasi ndogo kuanzia 12,000 hadi milioni 35. Mwaka 2005 FBI ikaacha kipimo hicho.

Kilwa nayo ina kesi isiyokwisha. Mwaka 1944 askari Maurice Isenberg aliokota sarafu tisa kisiwani Marchinbar, kaskazini mwa Australia: nne za Uholanzi, tano za shaba za Kilwa. Upime shaba hiyo utakavyo, haitakuambia ni mkono gani uliozidondosha pale. Anayetaka kujua hilo inambidi arudi mchangani, na kwa bahati Isenberg alitia alama ya X kwenye ramani, mahali alipoziokota.