Susie King Taylor: Mwalimu wa watumwa walioachwa huru wakati wa vita

Susie King Taylor alikuwa mwalimu na muuguzi Mmarekani mweusi aliyewafundisha kusoma na kuandika watu waliotoka utumwani wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865. Anatajwa kuwa mtu mweusi wa kwanza kufundisha hadharani katika shule ya watumwa wa zamani jimboni Georgia.

Elimu ya siri

Alizaliwa utumwani tarehe 6 Agosti 1848 katika kaunti ya Liberty, Georgia. Akiwa na umri wa miaka saba hivi, alikwenda kuishi na bibi yake, Dolly Reed, mjini Savannah. Sheria ya jimbo ya mwaka 1829 ilipiga marufuku kuwafundisha watu weusi kusoma, wawe watumwa au huru. Hata hivyo, bibi huyo alimpeleka kwa Bi Woodhouse, mwanamke mweusi huru aliyefundisha watoto nyumbani kwake. Wanafunzi waliingia mmoja mmoja, vitabu vyao vikiwa vimefungwa kwa karatasi ili polisi wasivione.

Manufaa yake yalionekana mapema. Mtu mweusi hakuruhusiwa kutembea usiku bila kibali cha maandishi, na Susie ndiye aliyemwandikia bibi yake vibali hivyo.

Shule kisiwani

Mwezi Aprili 1862, majeshi ya Muungano yaliiteka ngome ya Fort Pulaski karibu na Savannah. Susie, akiwa na miaka 13, alikimbilia kwao pamoja na familia ya mjomba wake, akafikishwa kisiwa cha St. Simons. Maofisa walipotambua kwamba anajua kusoma na kuandika, walimwomba aanzishe shule. Alikubali kwa sharti kwamba apatiwe vitabu, navyo vililetwa kutoka kaskazini. Mchana alifundisha watoto wapatao 40. Usiku walikuja watu wazima.

Miongoni mwa askari

Oktoba 1862 wakazi wa kisiwa hicho walihamishiwa Beaufort, South Carolina. Huko Susie aliandikishwa kuwa dobi katika kikosi cha askari weusi alichotumikia mumewe, Sajenti Edward King. Kwa kweli alifanya mengi zaidi: aliuguza majeruhi, alisafisha bunduki, na saa za mapumziko aliwafundisha askari kusoma. Alitumika kwa zaidi ya miaka minne bila kulipwa mshahara.

Baada ya vita

Vita vilipomalizika, alifungua shule nyumbani kwake Savannah, kila mwanafunzi akilipa dola 1 kwa mwezi. Mumewe alifariki mwaka 1866, na shule ya bure ilipofunguliwa mjini, wanafunzi wake walihamia huko. Mwalimu huyo alilazimika kutafuta riziki kwa kazi za ndani.

Baadaye alihamia Boston, akaolewa na Russell Taylor. Mwaka 1902 alichapisha kumbukumbu za maisha yake kambini. Alifariki tarehe 6 Oktoba 1912, akazikwa katika kaburi lisilo na jina lake.

Jiwe lenye jina lake liliwekwa kaburini mwaka 2021. Mwaka 2023 baraza la jiji la Savannah liliamua kumpa heshima ya uwanja wa umma, ambao awali uliitwa kwa jina la John C. Calhoun, mwanasiasa aliyetetea utumwa.