Walezi Wasio na Fungu: Miaka 120 ya Ndugu Waliobeba Watoto wa Njombe

Januari 20, 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Ilipofika Julai mosi mwaka huohuo, shirika la misaada la Marekani, USAID, lilikuwa limefungwa rasmi. Hapa Tanzania hofu ya kwanza ilikuwa juu ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na ilikuwa hofu ya haki. Wachache waliuliza habari za yule mhudumu wa jamii aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba na daftari kwapani, kuangalia kama mtoto anameza dawa, kama anakwenda shule, na kama bibi anayemlea ana unga ndani.

Kwa Njombe swali hilo lina uzito wa pekee. Utafiti wa kitaifa wa 2022-23 ulionyesha kuwa asilimia 12.7 ya watu wazima wa mkoa huu wanaishi na VVU, wakati wastani wa taifa ni asilimia 4.4. Hakuna mkoa mwingine uliofikia kiwango hicho. Mfadhili akifunga virago, anayebaki na mtoto ni ndugu: bibi, shangazi, mama mdogo, au kaka mkubwa aliyeacha shule akaenda kupasua mbao. Na ndivyo ilivyokuwa kila mara nyumba za huku zilipovunjika, kuanzia Vita ya Maji Maji ambayo mwaka 2025 ilitimiza miaka 120.

Kimbilio lilikuwa nyumbani

Mwanahistoria James Giblin, akishirikiana na Blandina Kaduma Giblin, aliwasikiliza wazee wa Njombe na mwaka 2005 akachapisha kitabu kiitwacho A History of the Excluded. Hoja yake haitamshangaza mtu aliyekulia Ubena, nchi ya Wabena wa Njombe. Anasema watu walioachwa pembeni na dola katika karne ya ishirini waliifanya familia kuwa kimbilio lao. Serikali ilijulikana kwa kodi na kazi za lazima, lakini mtu aliyetaka msaada alikwenda kwa ndugu. Makala haya yanaegemea hoja hiyo, kwa sababu bila hiyo ni vigumu kuelewa kwa nini mkoa uliopigwa sana na UKIMWI haukuparaganyika.

Septemba 1905, katika Vita ya Maji Maji, wapiganaji wa Kibena na Kipangwa waliishambulia misheni ya Yakobi. Wajerumani walijibu kwa kuchoma vijiji na maghala, na njaa iliyofuata katika nyanda za kusini iliua watu wengi kuliko risasi. Hapakuwa na ofisi ya ustawi wa jamii. Aliyesalia alimchukua aliyesalia mwenzake.

Wakaja Waingereza na kodi yao, na kodi ikawasukuma wanaume kwenye mashamba ya katani ya Tanga na Morogoro. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wengine walisombwa kwa nguvu. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda SILABU, wakala wa kuandikisha vibarua, na Njombe ikawa moja ya sehemu zilizotegemewa kutoa manamba. Hesabu ya mashamba hayo ilikuwa rahisi: ujira ulimtosha mwanaume mmoja, tena kwa shida. Gharama ya kumlea mtoto wake, kumuuguza mama yake na kumpokea yeye mwenyewe akirudi amechoka au mgonjwa ilibaki kwa walioko kijijini. Wapo ambao hawakurudi. Kwa maneno mengine, mwanamke wa Njombe aliyelima mahindi na ulezi peke yake alikuwa akilipia sehemu ya katani iliyosafirishwa kwenda Ulaya, na hakuna kitabu cha hesabu kilichomtaja.

Baada ya hapo hatua zilifuatana haraka. Mwaka 1949 ilianzishwa kampuni ya miwati ya TANWAT, mashamba ya chai yakapanuka, uhuru ukapatikana, vijiji vya ujamaa vikapangwa. Kati ya 1970 na 1975 Wachina na Watanzania wakajenga reli ya TAZARA, na Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na barabara kuu ya kwenda Zambia, ikawa mji wa stesheni, malori na nyumba za wageni. Riziki ilipita hapo, na ugonjwa nao ukapita hapohapo.

Shamba kwa huyu, mtoto kwa yule

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Miaka ishirini baadaye kitovu kilikuwa kimehamia nyanda za juu kusini: utafiti wa 2007-08 uliupa Mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulijumuisha Njombe, asilimia 15.7. Katika miaka hiyo kila msiba ulimalizika kwa kikao cha ukoo, na ndani ya kikao hicho ndimo ulimo ugomvi ambao hadi leo haujaisha.

Kikao hufanyika matanga yakikaribia kuvunjwa. Wazee hukaa upande mmoja, wajane na shangazi upande mwingine, na kijana aliyesoma hupewa kalamu aandike muhtasari kwenye karatasi ya daftari. Huandikwa jina la marehemu, warithi, mali, madeni, kisha jina la msimamizi wa mirathi. Waliopo husaini, wasiojua kuandika hutia dole gumba, na karatasi hiyo hupelekwa Mahakama ya Mwanzo. Mahakama itauliza nani anasimamia nyumba, shamba na mabati. Nani atakayeamka usiku mtoto akikohoa? Hilo huachiwa ukoo.

Ugomvi ulianzia hapo. Kwa mila za ukoo wa baba, mtoto ambaye mahari ya mama yake ililipwa huhesabiwa wa upande wa baba, na mali huhesabiwa hivyohivyo. Serikali ya uhuru iliziweka mila za namna hiyo katika maandishi kwa Tangazo Na. 436 la mwaka 1963, lililomweka mtoto wa kike nyuma ya ndugu zake wa kiume katika urithi na kumnyima mjane fungu pale ambapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Ilidhaniwa kwamba anayerithi mali atarithi pia wajibu wa kulea.

UKIMWI uliviachanisha vitu hivyo viwili. Baba mdogo alichukua shamba la miti, akasema nyumba yake imejaa. Mama naye akafariki. Watoto wakafungashiwa nguo zao kwenye mfuko wa rambo, wakapelekwa kwa bibi mzaa mama, ambaye kwa mila hakuwa na haki juu yao wala juu ya shamba. Mila zilimtaka atulie, njaa ya wajukuu ikamtaka apige kelele. Wapo mabibi waliokwenda kwa mtendaji wa kijiji, wapo waliokwenda kanisani, na wapo waliorudi nyumbani wakachukua jembe.

Mahakama Kuu ililitazama Tangazo hilo mwaka 2006 katika shauri la wajane wawili. Ilikiri kuwa kanuni zile ni za kibaguzi, lakini haikuzifuta. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake iliwapa wajane hao haki na kuitaka Tanzania irekebishe sheria zake za mila. Wakati huo, yatima wengi waliokuwa wachanga wakati kilio cha UKIMWI kikiwa kikali kusini walishakuwa vijana, wamelelewa na mikono isiyo na hati.

Miradi ilikuja, miradi ikaondoka

Haitakuwa haki kusema hakuna kilichofanyika. Rais Benjamin Mkapa aliutangaza UKIMWI kuwa janga la taifa mwishoni mwa 1999, Tume ya Kudhibiti UKIMWI, TACAIDS, ikaundwa 2001, na dawa za bure zikaanza kutolewa 2004. Miradi ya wafadhili ilipokezana: Jali Watoto, Tunajali, Pamoja Tuwalee, Kizazi Kipya. Kila mmoja ulikuja na fomu zake, na muda wake ulipoisha uliondoka nazo.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inatambua kwamba wazazi wote wakifa, wajibu wa malezi unaweza kwenda kwa ndugu kwa amri ya mahakama au kwa utaratibu wa kimila. Ni kifungu kizuri, ila hakikuandamana na shilingi. Mwaka 2012 Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianza Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, na elimu bila ada ikafuata 2016. Hela za TASAF zimenunua sare na chumvi katika nyumba nyingi za huku. Lakini kaya huingia kwenye mpango kwa umaskini wake. Shangazi mwenye bati na kuku watano aliyepokea watoto wanne wa dada yake huonekana ana afadhali na kuachwa.

Wengine walifikiri tofauti. Kenya ilianza mwaka 2004 kuzipa fedha kaya zinazolea yatima, kwa sababu hiyohiyo ya kulea. Hapa nchini, huko Nshamba wilayani Muleba, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee pensheni ya kila mwezi, wakiwamo mabibi wenye wajukuu yatima. Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii Aprili 2016, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mkazi aliyefikisha miaka 70. Bara, serikali imebaki kuwasifu mabibi kwenye hotuba za Desemba mosi, Siku ya UKIMWI Duniani.

Sifa hizo zimetosha. Njombe ya leo si maskini: ina chai, mbao, viazi, na parachichi zinazovuka bahari, na kila gunia na kila gogo hulipa ushuru wa halmashauri. Asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri tayari hutengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Lakini bibi wa miaka 75 mwenye wajukuu watatu hahitaji mkopo wa kurejesha. Anahitaji posho ndogo isiyokatika, bima ya afya, na jina lake kuandikwa kwenye muhtasari wa kikao cha ukoo kama mlezi, pamoja na sehemu ya shamba itakayomlisha mtoto aliyekabidhiwa.

Madiwani wa Njombe na Makambako wanapokaa kupitisha bajeti, watenge fungu la ndugu walezi kutoka kwenye ushuru wao wenyewe. Kwa miaka 120 walezi hawa wameikopesha serikali, na deni hilo halijawahi kulipwa.