Timu ya hoki ya barafu ya wanaume ya Chuo Kikuu cha Boston

Timu ya hoki ya barafu ya wanaume ya Chuo Kikuu cha Boston, inayojulikana kwa jina la Terriers, ni timu ya wanafunzi inayokiwakilisha chuo hicho cha mji wa Boston, jimbo la Massachusetts, Marekani. Ilianza msimu wa 1917-18 na imetwaa ubingwa wa taifa wa vyuo vikuu mara tano: 1971, 1972, 1978, 1995 na 2009. Jina lake linatokana na aina ya mbwa wadogo waliozalishwa kwanza mjini humo. Rangi zake ni nyekundu na nyeupe.

Hoki ya barafu ni ndugu wa mpira wa magongo unaofahamika Afrika ya Mashariki, ila wachezaji huvaa viatu vyenye vyuma vya kutelezea, na badala ya mpira hupigwa kisahani kigumu cheusi. Kila upande huwa na wachezaji watano na golikipa. Mchezo una vipindi vitatu vya dakika 20, na uwanja umezungukwa na ukuta mfupi ambao wachezaji hugongana nao mara kwa mara. Jambo hili la ukuta linafaa kukumbukwa kwa sababu ya yaliyotokea mwaka 1995.

Miaka ya mwanzo

Mpinzani wa kwanza alikuwa Boston College. Hicho ni chuo kingine kabisa ingawa majina yanafanana, na wageni wengi huvichanganya. Vyuo hivyo viwili viko kando ya barabara moja, Commonwealth Avenue, na utani wa jadi kati yao haujaisha hadi leo.

Mwaka 1950 timu ilifika fainali ya taifa ikafungwa na Colorado College kwa mabao 13-4. Ilisubiri miaka zaidi ya ishirini kupata kombe. Kocha Jack Kelley, aliyeanza kazi mwaka 1962, alilileta kwa kuwafunga Minnesota 4-2 mwaka 1971, na mwaka uliofuata akalitetea kwa kuwafunga Cornell 4-0 mjini Boston kwenyewe. Baada ya hapo akaondoka kwenda kufundisha hoki ya kulipwa.

Enzi ya Jack Parker

Desemba 1973 timu ilikabidhiwa kwa Jack Parker, aliyewahi kuwa mchezaji na nahodha wake. Alikaa miaka 40 na kushinda mechi 897, idadi ambayo hakuna kocha mwingine wa hoki ya vyuo aliyeifikia akiwa katika chuo kimoja. Ubingwa wake wa kwanza, wa 1978, ulikuwa mtamu zaidi kwa kuwa aliyefungwa katika fainali, 5-3, alikuwa Boston College.

Miaka miwili baadaye wanafunzi wanne wa zamani wa Parker walikuwa katika kikosi cha Marekani kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya 1980 huko Lake Placid: nahodha Mike Eruzione, golikipa Jim Craig, Jack O'Callahan na Dave Silk. Kocha wao, Herb Brooks, alitoka Minnesota, na mwaka 1976 timu yake ya chuo na ile ya Boston zilipigana ngumi uwanjani katika nusu fainali ya taifa. Kwa hiyo waliokuwa mahasimu walilazimika kuvaa jezi moja. Tarehe 22 Februari waliifunga Umoja wa Kisovyeti 4-3, timu iliyokuwa haishikiki duniani wakati huo. Bao la ushindi lilikuwa la Eruzione. Halafu waliifunga Ufini na kuchukua medali ya dhahabu.

Fainali ya 1991 ilikwenda hadi muda wa nyongeza wa tatu, na Northern Michigan wakashinda 8-7. Ubingwa ulirudi mwaka 1995 baada ya kuwafunga Maine 6-2.

Ajali ya Travis Roy

Tarehe 20 Oktoba 1995 timu ilipandisha bendera ya ubingwa huo ukumbini, kisha ikaingia kucheza na North Dakota. Travis Roy, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwenye umri wa miaka 20 kutoka jimbo la Maine, aliingizwa uwanjani kwa mara ya kwanza. Sekunde 11 tu baadaye alimfuata mpinzani kwa kasi, akakosa mwelekeo na kugonga ukuta kwa kichwa. Pingili ya nne ya shingo ilivunjika, na tangu hapo alikuwa amepooza kuanzia shingoni kwenda chini, isipokuwa mkono wa kulia uliorudi kidogo.

Roy alirudi darasani mwaka uliofuata na kuhitimu mwaka 2000. Alianzisha mfuko wa kuwasaidia walioumia uti wa mgongo na kugharimia utafiti, akazunguka nchini akizungumza na wanafunzi. Jezi yake namba 24 haivaliwi tena na mchezaji yeyote wa timu hiyo. Alifariki tarehe 29 Oktoba 2020. Ukihesabu muda wa kucheza, ndiye aliyeichezea timu kidogo kuliko karibu wote, lakini ni wachache wanaokumbukwa kama yeye.

Kutoka 2005

Januari 2005 timu ilihamia Agganis Arena, ukumbi wa watazamaji zaidi ya 6,000. Umepewa jina la Harry Agganis, mwanamichezo wa chuo hicho aliyefariki mwaka 1955 akiwa na miaka 26.

Fainali ya 2009 mjini Washington husimuliwa mara nyingi. Dakika moja kabla ya mwisho, Miami ya Ohio ilikuwa mbele 3-1. Parker alimtoa golikipa na kuongeza mshambuliaji, kamari inayoacha lango wazi. Zach Cohen alifunga, kisha Nick Bonino akasawazisha zikiwa zimebaki sekunde 17. Katika muda wa nyongeza shuti la Colby Cohen lilimgonga beki wa Miami na kuingia.

Sifa hizo zilikuwa na upande mwingine. Baada ya wachezaji wawili kukamatwa katika matukio tofauti kwa tuhuma za kuwashambulia wanawake, chuo kiliunda kikosi cha uchunguzi. Ripoti yake ya mwaka 2012 ilisema kwamba kutukuzwa kwa wachezaji kulijenga tabia ya kujiona wana haki ya kufanya watakavyo katika mambo ya ngono, na kwamba usimamizi ulikuwa dhaifu. Parker alistaafu mwaka 2013.

Mwaka 2015 timu ilikuwa ikiongoza fainali 3-2 dhidi ya Providence, golikipa wake akadaka kisahani chepesi na kukiangushia golini mwenyewe. Providence walishinda 4-3. Chini ya kocha Jay Pandolfo, aliyekuwa katika kikosi cha 1995, timu ilifika nusu fainali 2023 na 2024, na fainali ya 2025 ambapo ilifungwa 6-2 na Western Michigan.

Kombe la Beanpot

Kila Februari vyuo vinne vya Boston na jirani, yaani Boston, Boston College, Harvard na Northeastern, hugombea kombe la Beanpot. Maana yake ni chungu cha maharage, chakula ambacho mji huo unasifika nacho. Mashindano yalianza mwaka 1952, na Terriers wamelitwaa zaidi ya mara 30, kuliko wapinzani wao wote.

Wachezaji mashuhuri

Tuzo ya Hobey Baker, ya mchezaji bora wa vyuo, imekwenda kwa Chris Drury (1998), Matt Gilroy (2009), Jack Eichel (2015) na Macklin Celebrini (2024). Wengine waliong'ara katika ligi ya kulipwa ya NHL ni Keith Tkachuk, Tony Amonte na Charlie McAvoy.