Kila Ala na Nafasi Yake: Muziki Uliorekodiwa na Masikio ya Katindiuka

Ubora wa sauti katika albamu huzungumzwa mara nyingi kana kwamba unategemea mitambo peke yake, ilhali historia ya kurekodi muziki Afrika Mashariki inaonyesha kwamba mitambo ilishika nafasi ya pili, na iliyotangulia ilikuwa kazi ya bendi na fundi wake kuamua kila ala ikae wapi kabla kanda haijaanza kuzunguka. Historia hiyo huandikwa kwa kawaida kwa kuzitazama studio za Nairobi na Dar es Salaam, lakini inastahili kutazamwa pia kwa upande wa wasikilizaji, kwa kuwa rekodi hukamilika inapomfikia mtu aliye mbali na chumba ilimotengenezwa. Katindiuka, sehemu ya mji wa Ifakara katika bonde la Mto Kilombero, ni mahali panapofaa kwa kazi hiyo: mji uko zaidi ya kilomita 400 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, mashamba ya mpunga na madago ya wavuvi yametapakaa katika bonde linalofurika kila masika, na kwa miongo kadhaa sauti ya bendi kubwa za nchi iliwafikia wakazi wake kwa redio, wengi wao wakiwa hawajawahi kuziona bendi hizo jukwaani.

Kipimo cha kwanza cha muziki uliorekodiwa kilikuwa muda. Siti binti Saad na wenzake waliposafiri kutoka Zanzibar kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za taarabu, santuri za wakati huo zilichukua takriban dakika tatu kwa kila upande, hivyo wimbo ambao ukumbini uliweza kuendelea kadiri wasikilizaji walivyotaka ulilazimika kukatwa. Kizuizi hicho kiliendelea kuwabana wanamuziki wa dansi waliorekodi Kenya baada ya Vita Kuu ya Pili, ingawa santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika ziliongeza muda kidogo, na kampuni zikazoea kuugawa wimbo mrefu kwa kuweka sehemu ya kwanza upande mmoja na ya pili upande wa nyuma. Mkoa wa Morogoro, ambao Kilombero ni sehemu yake, ulitoa bendi mbili zilizojulikana sana kwa santuri hizo, yaani Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz, ambamo Mbaraka Mwinshehe aliibuka kuwa mpiga gita la solo na mwimbaji aliyependwa katika Afrika Mashariki yote, kabla hajaanzisha Orchestra Super Volcano mwaka 1973 na kufariki katika ajali ya gari nchini Kenya mwaka 1979.

Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri, na pengo hilo, ambalo liliwaumiza wanamuziki kimapato, lilizaa kwa upande mwingine hali ya pekee ya kisanii. Studio iliyorekodi muziki mwingi zaidi wa dansi nchini ilikuwa ya serikali, ile ya Radio Tanzania Dar es Salaam, maarufu kwa kifupi RTD, katika jengo lililokuwa Barabara ya Pugu, ambayo leo inaitwa Barabara ya Nyerere. Rekodi zilizofanywa humo zilikusudiwa kutangazwa hewani, na kwa sababu hazikupimwa kwa upande wa santuri, muda wa wimbo haukuwa na mpaka mkali. Kanda ya sumaku, yaani utepe wa plastiki uliopakwa unga wa chuma unaohifadhi sauti kwa alama za sumaku, iliuwezesha wimbo wa dansi kufika dakika saba, nane au zaidi, ukiwa na sehemu mbili zilizoungana: ya kwanza ya taratibu, inayobeba mashairi, na ya pili inayoitwa chemko, ambamo mwendo huongezeka, waimbaji huitikiana kwa vipande vifupi, na magita pamoja na safu ya saksafoni na tarumbeta huchukua uongozi.

Hapa ndipo dansi la Tanzania linapokutana na muziki uliokuwa ukitengenezwa Uingereza miaka hiyohiyo, yaani progresivu roki, aina ya roki inayotunga vipande virefu vyenye sehemu kadhaa, mabadiliko ya mwendo na ala nyingi. Kundi la Yes lilitoa mwaka 1972 wimbo wa zaidi ya dakika 18 ulioujaza upande mzima wa santuri kubwa, na King Crimson ilikuwa imekwisha kuonyesha mwaka 1969 kwamba roki inaweza kupangwa kwa uangalifu wa okestra. Santuri kubwa iliwapa Waingereza urefu, na kanda ya redio ikawapa Watanzania urefu uleule, ingawa nafasi hizo mbili zilitumiwa kwa njia zilizotofautiana sana. Pink Floyd, katika albamu yao ya mwaka 1973, walitumia katika studio za Abbey Road mtambo wenye njia 16, na njia maana yake ni mkondo wa sauti unaorekodiwa peke yake juu ya kanda, ili gita liweze kurekodiwa leo na sauti ya mwimbaji kesho, kisha fundi akae na kuichanganya mikondo yote kwa utulivu, kazi ambayo mafundi wa leo wanaiita kumiksi. Pale RTD bendi nzima ilipiga kwa pamoja katika chumba kimoja, njia za kanda zikiwa chache mno kuweza kutenganisha ala, na mpuliza tarumbeta aliyekosea alilazimisha wote waanze upya.

Ni kosa kuuona uchache huo wa njia kuwa udhaifu tu, kwani ulihamishia kazi ya kumiksi kwa wanamuziki wenyewe na mikononi mwa mafundi mitambo waliojua kusikiliza chumba. Mtu aliyetakiwa kusikika nyuma alisimama mbali na maikrofoni, mwimbaji kiongozi alisogea karibu, na ala zenye kishindo, kama tarumbeta na tumba, zilipangwa zisifunike mashairi, ambayo yalikuwa yamekwisha kupitiwa na kamati ya redio kabla bendi haijaruhusiwa kurekodi. Muhimu kuliko yote ulikuwa mpangilio wa magita. Katika bendi kama NUTA Jazz na, baadaye, Mlimani Park iliyoanzishwa mwaka 1978, gita la solo lilicheza juu kabisa ya shingo, gita la pili la solo likamjibu mwenzake chini kidogo, ridhimu ikashika katikati kwa mkato mfupi usiobadilika, na besi ikaruka vipigo badala ya kuvijaza vyote, hivyo kila moja lilikuwa na eneo lake la sauti ambalo jingine halikuligusa. Michael Enoch, mpangaji wa muziki wa Mlimani Park, anastahili kuhesabiwa miongoni mwa watu waliofanya kazi ambayo katika albamu za kisasa hufanywa na prodyuza, kwa maana ya mtu anayeamua nini kisikike, lini na kwa kiasi gani.

Sauti iliyopangwa hivyo ilisafiri kwenda Ifakara kwa masafa ya kati na masafa mafupi, ambayo hupitisha sehemu tu ya sauti. Sikio changa la binadamu husikia hadi mitetemo takriban 20,000 kwa sekunde, lakini matangazo ya masafa ya kati huishia karibu 5,000, hivyo mng'ao wa matoazi ya dramu hupotea karibu wote njiani, na usiku mawimbi yanayorudishwa na tabaka la juu la anga hufika mbali zaidi, lakini huja yakipanda na kushuka na kuchanganyika na vituo vya nchi nyingine. Redio yenyewe ilikuwa ya mkono, ikitumia mawe ya redio, yaani betri, yaliyotumiwa kwa kubana ili yadumu, na spika yake ilikuwa na upana wa kiganja au pungufu. Waya mnene wa gita la besi hutoa mitetemo 41 kwa sekunde, na spika ya ukubwa huo haiwezi kuisukuma hewa polepole kiasi hicho, ila sikio lina uwezo wa ajabu wa kuijenga noti ya chini kutokana na mitetemo ya juu inayoambatana nayo, mradi mitetemo hiyo haijafunikwa na ala nyingine. Besi iliyorukaruka na kuachiwa nafasi ilisikika mpaka dagoni, na ile iliyojazwa bila mpango ikageuka mvumo. Kwa hiyo msikilizaji wa Katindiuka, ambaye hakuwahi kuuona mtambo wa studio, alikuwa kipimo kigumu kuliko spika kubwa za Ulaya, na rekodi za RTD zilizopendwa na kudumu ni zile zilizofaulu mtihani wake.

Bonde lenyewe, inafaa kukumbukwa, lilikuwa na mchango katika umeme wa muziki huo, kwani bwawa la Kidatu juu ya Mto Ruaha Mkuu, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 1975, lililisha gridi iliyofika Dar es Salaam, wakati nyumba nyingi za Kilombero zikiendelea kutumia kibatari na redio za betri. Katika kipindi hichohicho reli ya TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860 ilikamilishwa, ikapita Ifakara na kuiunganisha Tanzania na Zambia, na mwaka 1976, ambao reli hiyo ilikabidhiwa rasmi, bendi ya Sunburst ya Dar es Salaam ilirekodi nchini Zambia albamu yake ya Ave Africa. Sunburst ndilo kundi la Tanzania lililoukaribia zaidi ulimwengu wa progresivu roki, kwa kuchanganya roki, fanki na midundo ya Kiafrika. Lilikuwa limekwisha kurekodi RTD, lakini albamu kamili ya santuri ililitaka livuke mpaka. Albamu hiyo ilitolewa upya mwaka 2016 na kampuni ya Strut ya Uingereza pamoja na rekodi zake za redio, na anayezisikiliza pamoja hatakosa kutambua kwamba nguvu ya kundi hilo haitokani na wingi wa mitambo; inatokana na bendi inayopiga kwa pamoja na kusikilizana.

Hali ilibadilika haraka baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 kuruhusu vituo binafsi, ambapo Radio One ilianza kusikika mwaka 1994 na studio za watu binafsi zikachipuka jijini Dar es Salaam. Maprodyuza Master J na P-Funk walijenga sauti ya Bongo Fleva kwa kinanda cha umeme na kompyuta, na albamu ya Professor Jay ya mwaka 2001, Machozi, Jasho na Damu, iliyotengenezwa na P-Funk, ilithibitisha kwamba mtu mmoja mwenye sikio zuri anaweza kufanya kazi ya bendi nzima bila maneno ya msanii kupotea. Kompyuta iliondoa kikomo cha njia, na pamoja nacho ikaondoa sehemu ya nidhamu, kwa sababu fundi asiyelazimika kuchagua huweka kila kitu. Kwa upande mwingine ulizuka ushindani wa ukubwa wa sauti, unaofanyika kwa kompresa, yaani kifaa au programu inayopunguza tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa ili wimbo wote uweze kupandishwa juu. Kikitumiwa kwa kiasi, kifaa hicho huisaidia sauti ya mwimbaji kusimama imara. Kikizidishwa, dramu hupoteza kishindo na msikilizaji huchoka bila kujua sababu. Dunia ya progresivu roki ililijua tatizo hilo kwa uchungu: albamu ya Vapor Trails ya kundi la Rush kutoka Kanada ilitoka mwaka 2002 ikiwa imepandishwa mpaka ikakwaruza, ikalaumiwa na mashabiki wake wenyewe, na mwaka 2013 ikachanganywa upya na kutolewa tena. Albamu za aina hiyo zinazosifiwa leo, kama zile za Steven Wilson, ambaye pia amezichanganya upya rekodi za King Crimson, zinasifiwa kwa kurudisha tofauti kati ya kimya na kishindo.

Miji ya ukubwa wa Ifakara sasa ina studio za mitaani, na anayeingia katika chumba kimoja cha namna hiyo atakuta kompyuta, maikrofoni moja, spika mbili na kuta zilizobandikwa trei za mayai au vipande vya godoro. Trei huvunja mwangwi wa sauti za juu kwa kiasi kidogo lakini haziizuii besi hata kidogo, hivyo fundi husikia besi nyingi kuliko iliyomo, huipunguza, na wimbo unatoka mwembamba ukipigwa kwingine. Dawa yake ni ya kale na haihitaji fedha nyingi: godoro zima la sufi kwenye pembe za chumba, ambako besi hurundikana, na wimbo kusikilizwa kwenye redio ndogo na kwenye simu kabla haujatolewa.

Kazi kubwa iliyobaki inahusu muziki wa bonde lenyewe. Ngoma ya sangula ya Wapogoro na Wandamba ina ngoma za vimo tofauti, kila moja ikiwa na eneo lake la sauti kama magita ya dansi, na kuirekodi kwa simu moja iliyoinuliwa katikati ya watu huyabana maeneo hayo yote kuwa kelele moja. Maikrofoni nne zikiwekwa kwa mpango uwanjani, pasipo ukuta wa kurudisha mwangwi, kisha kompresa ikaachwa karibu bila kuguswa, zinatosha kutoa rekodi inayoweza kuhifadhiwa pamoja na kanda za RTD ambazo leo ziko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania. Vijana wenye studio Ifakara na Katindiuka wanavyo vifaa hivyo au wanaweza kuviazima, na halmashauri ya mji pamoja na redio za jamii za Morogoro zingefanya vyema kuwaita wapigaji wa sangula na mafundi hao katika uwanja mmoja, wakapewa siku nzima ya mazoezi kabla ya siku ya kurekodi.