Nani alijenga ngome za kale?

Na Mwandishi Wetu, Kongwa

TEMBE, nyumba ya jadi ya Wagogo, ina paa bapa la udongo na vyumba vinavyozunguka uwanja wa ndani. Ukuta wake wa nje ulikuwa kinga ya watu na mifugo, na kila kaya ilijijengea wenyewe.

Kusini mwa Ugogo hali ilikuwa tofauti. Katika miaka ya 1880, Mtwa Mkwawa wa Wahehe aliamuru makao yake makuu ya Kalenga, kando ya Mto Ruaha Mdogo, yazungushiwe ukuta wa mawe. Mtawala alitoa amri, raia wakatoa nguvu zao.

Huko Uingereza, kuanzia karne ya 13, wafalme waliutumia utaratibu mwingine. Mfalme aliupa mji kibali cha kutoza ushuru bidhaa zilizoingia kuuzwa, kwa miaka maalumu, na fedha hizo zilipaswa kutumika kujenga ukuta wa mji tu. Hivyo msaada wa mfalme ulikuwa ruhusa zaidi kuliko fedha za hazina yake.

Ikumbukwe kwamba watemi wa Ugogo nao walitoza misafara. Malipo hayo yaliitwa hongo, neno ambalo leo lina maana ya rushwa, lakini wakati ule lilikuwa ada ya wazi ya kupita na kupata maji. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley aliilipa kwa vitambaa. Tofauti ni kwamba hongo haikufungwa kwenye kazi moja kama ushuru ule wa Uingereza.

Agosti 17, 1891 Wahehe waliwashinda Wajerumani huko Lugalo na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski. Hata hivyo, Oktoba 30, 1894 majeshi ya Gavana Friedrich von Schele yaliiteka Kalenga. Ukuta haukufua dafu mbele ya mizinga. Ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe, Tabora, ilikuwa imeanguka tangu Januari 1893.

Mkwawa alitoroka, akapigana hadi alipojiua mwaka 1898. Fuvu lake lilirejeshwa mwaka 1954, nalo limehifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga.

Jina la mtawala ndilo linalokumbukwa hadi leo. Waliobeba mawe hawakuandikwa popote.