Saa Kubwa Zilifungwa Juu ya Koti

Mwanamume mwenye kifundo cha mkono chenye mzingo wa sentimita 16 akitokea na saa ya kifahari yenye kipenyo cha milimita 44, hukumu huwa mbili. Wapo wanaosema ameazima saa ya kaka yake. Wapo wanaosema hela ni yake na mkono ni wake, mwacheni. Pande zote mbili zinakubaliana bila kujua kwamba saa ile ina mwenyewe mahali fulani, mtu wa miraba minne mwenye mkono mnene, na huyu mwembamba amejipachika tu. Historia ya saa za mkono inakataa dhana hiyo. Saa zilizotuletea vipimo vya milimita 44, 47 na hata 55 hazikukusudiwa kugusa ngozi ya mtu yeyote, mwembamba wala mnene. Zilifungwa juu ya koti la rubani na juu ya vazi la mpiga mbizi. Zilipohamishiwa kwenye mkono mtupu, hakuna aliyeupima mkono huo. Vilipimwa vitu vingine kabisa, na cha kwanza kati ya hivyo kilikuwa soko.

Tuanze na udogo, kwa sababu ndio uliotangulia. Karne ya 19 ilipokuwa ikiisha huko Ulaya, saa ya mkononi ilikuwa pambo la wanawake, na mwanamume mwenye heshima zake aliitia yake mfukoni na kuifunga kwa mnyororo. Waliobadilisha mambo ni watu ambao mikono yao haikuwa na nafasi ya kupekua mfukoni. Mwaka 1904 Louis Cartier alimtengenezea saa ya mkono rafiki yake Alberto Santos-Dumont, Mbrazili aliyekuwa akirusha vyombo vya angani mjini Paris na aliyetaka kujua saa bila kuachia usukani. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza, na maofisa walioongoza mashambulizi kwa dakika zilizopangwa wakaona kwamba saa ya mfukoni ni mzigo ndani ya handaki. Mashine zilizotiwa ndani ya saa hizo za vitani zilikuwa ndogo, za jamaa moja na zile za saa za wanawake, kwa sababu ndizo zilizokuwapo. Hans Wilsdorf, Mjerumani aliyefungua biashara yake London mwaka 1905 na baadaye kuipa jina la Rolex, aliijenga juu ya mashine ndogo kutoka kiwanda cha Aegler, mjini Bienne, Uswisi. Vita vilipokwisha, hakuna aliyeweza kumcheka mwanamume kwa kuvaa saa mkononi, kwa kuwa waliozivaa ndio waliorudi kutoka mstari wa mbele. Saa hizo zilibaki ndogo kwa miaka mingi iliyofuata. Calatrava ya Patek Philippe ya mwaka 1932, ambayo mpaka leo inahesabiwa kuwa kielelezo cha saa ya muungwana, ilikuwa na kipenyo cha takriban milimita 31. Saa ya namna hiyo ikiwekwa leo kwenye kabati la duka, mteja wa kiume ataipita akidhani ni ya mke wake.

Mtu anaweza kudhani kwamba askari, tofauti na waungwana, walitaka saa kubwa. Ushahidi unasema vingine. Katika Vita vya Pili Wamarekani waliwapa watu wao saa ya aina ya A-11, iliyotengenezwa na Elgin, Waltham na Bulova, yenye kipenyo cha takriban milimita 32. Serikali ya Uingereza iliagiza saa za jeshi lake kutoka kwa viwanda 12 vya Uswisi, na karibu zote ziliangukia kati ya milimita 35 na 38. Kwa hiyo anayeamini kwamba uanaume wa saa uko katika ukubwa wake ana kazi ya kuwaeleza wanajeshi hao walikosa nini.

Hata hivyo saa kubwa zilikuwapo katika vita hivyohivyo, na hapa ndipo mkasa wetu unapoanza. Jeshi la anga la Ujerumani lilihitaji saa ya waongozaji wa ndege, wale waliokokotoa njia usiku kwa nyota na ramani, ambao kosa la sekunde chache liliwapeleka nje ya shabaha. Kazi hiyo ilipewa viwanda vitano: IWC, A. Lange & Söhne, Wempe, Laco na Stowa. Usahihi uliotakiwa ulipatikana kwa uhakika zaidi katika mashine za saa za mfukoni, na mashine hizo ni pana. Saa ikatoka na kipenyo cha milimita 55, uso mweusi, namba kubwa, na kitufe cha kujazia kilichotuna kama kitunguu ili aliyevaa glavu aweze kukizungusha. Mkanda wake ulikuwa mrefu kupita kiasi, kwa sababu ulizungushwa juu ya mkono wa koti la ngozi. Italia nako, kampuni ya Panerai ya Florence ilianza mwaka 1936 kulitengenezea jeshi la wanamaji saa za kupigia mbizi kwa masanduku na mashine kutoka Rolex. Hizo zilikuwa na milimita 47, namba zake zimepakwa radiamu ili zing'ae gizani, na zilivaliwa juu ya nguo nzito za mpira. Kikosi kilichozitumia kilikuwa kile cha wapiga mbizi waliopanda torpedo kama farasi. Usiku wa kuamkia tarehe 19 Desemba 1941 watu wake sita waliingia bandari ya Alexandria na kuzitoboa manowari mbili za Uingereza, Queen Elizabeth na Valiant. Miaka 28 baadaye Buzz Aldrin alitembea mwezini na Omega Speedmaster ya milimita 42, nayo ilikuwa nje ya vazi lake la anga, imefungwa kwa mkanda mrefu. Marubani, wapiga mbizi, wanaanga: katika kila mfano, kilichobeba saa ni kitambaa, ngozi au mpira. Mkono ulikuwa chini huko, na unene wake haukumhusu mtengenezaji.

Raia walipoonjeshwa ukubwa huo zamani, waliukataa. Mwaka 1939 IWC iliwatimizia wafanyabiashara wawili wa Kireno ombi la saa ya mkono yenye usahihi wa saa ya mabaharia; njia pekee ilikuwa kutia mashine ya mfukoni ndani yake, na saa ikafikia zaidi ya milimita 41. Leo jina la Portugieser ni dhahabu kwa IWC. Wakati ule ziliuzwa chache mno. Anasa ilikuwa ikielekea upande mwingine: Piaget ilijipatia sifa mwaka 1957 kwa mashine yenye unene wa milimita 2 tu, na mwaka 1979 kampuni ya Concord ikatoa saa nzima iliyo nyembamba kuliko hiyo mashine. Hadhi nayo haikudai upana. Rolex Day-Date, iliyozinduliwa mwaka 1956 na kuvaliwa na marais akiwamo Lyndon Johnson, ilibaki na milimita 36 kwa zaidi ya nusu karne. Wasomaji wetu wa Muscat wanajua mfano ulio karibu zaidi, kwani Sultani Qaboos wa Oman aliagiza saa za Rolex zenye alama ya jambia usoni na kuzitoa zawadi, nyingine zikiwa za ukubwa huohuo wa wastani. Aliyezawadiwa alitambulika kwa jambia. Hakuna aliyehitaji kuiona saa ile kutoka ng'ambo ya barabara.

Kilichogeuza mambo kilitoka Tokyo. Tarehe 25 Desemba 1969 Seiko ilianza kuuza Astron, saa ya betri yenye fuwele ya kwatzi, kwa yen 450,000, bei iliyotosha kununua gari dogo. Bei hiyo haikudumu. Ndani ya miaka michache saa ya betri ya bei ya chini ilikuwa sahihi kuliko saa ya fundi bingwa, na viwanda vya Uswisi vilivyokuwa na wafanyakazi takriban 90,000 mwaka 1970 vilibaki na chini ya 35,000 katikati ya miaka ya 1980. Waliosalimika waliinusuru saa ya kujaza kwa kuipa kazi nyingine: sasa ingemtangaza mwenyewe, na habari ya wakati ingeachiwa betri. Chombo cha kutangazia huwa kinataka kuonekana. Audemars Piguet ilikuwa imeonja njia hiyo mapema, mwaka 1972, kwa Royal Oak ya mbunifu Gérald Genta, saa ya chuma cha pua iliyouzwa kwa bei ya dhahabu. Kwa milimita zake 39, watu wa enzi hiyo waliibandika jina la Jumbo. Mwaka 1993 kampuni ileile ikatoa Royal Oak Offshore ya milimita 42, nene, nzito, iliyobuniwa na kijana Emmanuel Gueit, na wakosoaji wakaiita Mnyama. Mwaka huohuo Panerai ilianza kuwauzia raia, Sylvester Stallone akazipeleka kwenye sinema, na mwaka 1997 kampuni ikanunuliwa na kundi lililo sehemu ya kampuni ya bidhaa za anasa ya Richemont. Mwaka 2005 Hublot ikaja na Big Bang ya milimita 44. Hata Rolex, isiyopenda haraka, ilitoa Day-Date ya milimita 41 mwaka 2008.

Sasa tazama ndani ya nyingi za saa hizo, maana ushahidi mzito zaidi umefichwa humo. Saa za marubani wa Kijerumani zilikuwa pana kwa sababu mashine zao zilikuwa pana. Saa za Luminor za mwanzo za Panerai zilizotumia mashine ya ETA 6497, yenye asili ya saa za mfukoni na kipenyo cha zaidi ya milimita 36, bado ziliweza kudai uaminifu huo. Lakini mashine ya ETA 2824 au 2892, iliyotiwa ndani ya saa nyingi za miaka ya 2000, ina kipenyo cha milimita 25.6. Ukiiweka ndani ya sanduku la milimita 44, inabaki nafasi kubwa ya kujazwa kwa pete ya chuma au plastiki. Fundi saa huligundua jambo hili bila kufungua kifuniko: kidirisha cha tarehe kikikaa katikati ya uso badala ya kuwa karibu na ukingo, ujue mashine ni ndogo na mwili wa saa umevimbishwa. Katika saa kama hiyo ukubwa hauna kazi hata moja ya kiufundi. Aliyelipia milimita 44 amelipia, kwa sehemu, hewa na pete ya kuishika mashine isicheze.

Pingamizi la kwanza litakuwa kwamba miili imekua, watu wa leo ni warefu kuliko babu zao, na saa zimewafuata. Urefu umeongezeka kweli katika nchi nyingi, lakini mfupa wa kifundo hauongezeki theluthi moja kati ya mwaka 1990 na 2005. Isitoshe, saa zimeanza kurudi nyuma. Tudor ilipotoa Black Bay Fifty-Eight ya milimita 39 mwaka 2018, ilipokewa kwa shangwe. Mwaka 2021 Rolex iliirudisha Explorer kwenye milimita 36 baada ya miaka kumi na moja ya milimita 39, na IWC ikaitoa saa yake kubwa ya rubani kwa milimita 43 pia, pembeni ya ile ya zaidi ya 46. Hakuna ugonjwa uliokondesha mikono ya dunia katika miaka hiyo. Pingamizi la pili, kwamba saa kubwa inasomeka vizuri, lina ukweli kwa rubani gizani na kwa mzee ambaye macho yamechoka. Kwa wengine, uso wa milimita 36 wenye mishale iliyotofautiana rangi na uso unasomeka bila taabu, na saa nyingi za anasa za milimita 45 zimesongamana vidirisha na mapambo kiasi cha kuutafuta mshale wa dakika.

Pingamizi la tatu ndilo zito. Pambo, watasema, halijawahi kuufuata mwili. Bangili hupita kifundo, joho hupita mabega, na hakuna bibi harusi aliyeambiwa apunguze dhahabu kwa sababu shingo yake ni nyembamba. Kwa nini mwenye mkono mdogo aliyejichumia fedha zake anyimwe? Nakubali kwamba asinyimwe, na ninayemcheka hapa si yeye. Ila bangili haidai kuwa zana. Saa kubwa ya anasa huuzwa kwa hadithi ya mpiga mbizi na rubani, na kina cha mita 300 kimechongwa kwenye chuma chake, ilhali kitu pekee kilichofanya ukubwa wake uwe na maana, yaani lile koti, kimeachwa nje ya mkataba. Ndiyo maana inazunguka upande wa kidole gumba, kitufe kinachoma mgongo wa kiganja, na mkono wa shati hauipiti. Wenye mikono minene nao hupatwa na hayo, ila kwao hayaonekani upesi.

Anayeitaka bado aichukue, lakini asiipime kwa kipenyo kilichoandikwa kwenye kadi. Saa mbili za milimita 44 zinaweza kupishana sana katika urefu wa kutoka sikio moja linaloshika mkanda hadi la pili, na urefu huo ukizidi upana wa juu wa kifundo, saa itaning'inia pande zote mbili hata mkanda ukazwe vipi. Kifundo cha sentimita 16 kina upana wa takriban milimita 50 hadi 55. Masikio ya saa kubwa hufika hapo au hupita. Kipimo hicho viwanda vingi havikiandiki. Mnunuzi aje dukani na rula yake, na muuzaji akikosa jibu, mnunuzi apime mwenyewe kabla ya kutoa pesa.