Kalamu Katika Meza ya Karata

Tunapoitaja michezo iliyo sehemu ya utamaduni wetu, aghalabu tunazikumbuka ngoma, mashindano ya ngalawa, na bao lenye heshima yake ya miaka mingi. Karata husahauliwa, au hutajwa kwa haya, kana kwamba ni shughuli ya wavivu na ya wacheza kamari. Kamari hatuitetei. Lakini watu wanne waketipo barazani jioni, wawili dhidi ya wawili, bila senti moja mezani, huwa wameingia katika mahakama ndogo yenye sheria zake, na sheria hizo nyingi hazikuandikwa popote. Moja katika hizo yahusu kuandika kwenyewe: ni nani aruhusiwaye kushika kalamu mchezo ukiendelea, aandike nini, na aandike wakati gani.

Jambo hili lilitugusa miaka mingi iliyopita, tulipokuwa tukitumika katika ofisi moja ya serikali huko mikoani. Palifanywa mashindano ya karata baina ya idara, mchezo ukiwa ule wa wahedi wa sitini. Katika pambano la mwisho, kijana mmoja, karani wa masijala, alionekana akiandika kitu juu ya pakiti ya sigara aliyoiweka gotini, chini ya meza. Mzee aliyeketi upande wa pili akazilaza karata zake kifudifudi, akauliza kwa sauti ya upole, "Mwanangu, nacheza na kichwa chako au na kalamu yako?" Kijana akajibu, "Shikamoo mzee, sikuona sheria inayokataza." Na kweli, haikuwapo. Yakazuka mabishano makubwa, watu wakasimama, na mwishowe waamuzi wakaupa ushindi upande wa mzee. Sisi ndio tuliokuwa tukiandika muhtasari wa mashindano. Tuliandika kwamba mchezaji mmoja alipatikana akijisaidia kwa maandishi, tukatia saini, tukaenda zetu.

Ili tuelewe kwa nini kipande cha karatasi kilizua ghadhabu kiasi hicho, hatuna budi kuanza na karata zenyewe na majina yake.

Neno karata ni la Kireno. Ndivyo yalivyo na turufu, kopa, uru, pau na shupaza. Wareno walizishika bandari za pwani yetu tangu mwanzoni mwa karne ya 16 hadi Ngome ya Yesu, Mombasa, ilipoangukia mikononi mwa Waomani mwaka 1698. Serikali yao iliondoka. Maneno yao ya mezani yakabaki. Ree latokana na neno lao la mfalme, ingawa kwetu ni karata ya moja; seti ni saba yao. Lakini zile karata zenye picha za watu hazikupewa majina ya Kireno. Waswahili walizitazama sura zile na mavazi yale, wakaziita wazungu: mzungu wa nne ndiye mfalme, mzungu wa tatu ndiye yule kijana, na mzungu wa pili ndiye malkia.

Mwanafunzi aweza kuuliza: kwa nini malkia awekwe chini ya kijana, hali michezo mingi ya Ulaya humpa nafasi ya pili baada ya mfalme? Jibu limo katika hesabu. Wareno wana michezo iitwayo bisca na sueca, na humo karata ya moja ina pointi 11, saba ina 10, mfalme 4, kijana 3 na malkia 2. Basi namba iliyomo katika jina la kila mzungu si daraja lake, ni thamani yake! Jumlisha 11, 10, 4, 3 na 2, utapata 30. Zidisha kwa aina nne za karata, utapata 120. Nusu yake ni 60, na anayetaka kushinda lazima apate walau moja zaidi, yaani 61. Wahedi wa sitini ni maneno ya Kiarabu yenye maana hiyo hiyo, moja na sitini. Karata nyingine zote hazina hesabu. Hizo ndizo garasa, neno ambalo limetoka mezani likaingia katika mazungumzo ya kila siku, hata tukasema fulani kaambulia garasa.

Twawaomba walimu wa hisabati wasilipite jambo hili haraka. Mchezo ulipewa jina la alama ya ushindi kwa Kiarabu, vipande vyake vikaitwa kwa Kireno, na thamani za wazungu zikatiwa katika Kiswahili fasaha. Mtu asiyejua kusoma wala kuandika aliweza kuketi, akasikia "mzungu wa nne kaliwa," na papo hapo akaongeza nne katika hesabu yake. Kumbukumbu ya mchezo ilikwisha andikwa, ila iliandikwa katika lugha. Kalamu ya nini tena?

Kutokana na hayo ndipo ilipozaliwa adabu tuliyoikuta katika mabaraza tuliyokulia. Anayeshinda mzunguko huzikusanya karata na kuzilaza kifudifudi, na hazifunuliwi mpaka mkono mzima umalizike. Anayeuliza, "Mzungu wa nne wa kopa amekwisha toka?" hajibiwi, au hujibiwa kwa swali: "Ulikuwa wapi?" Mwenzake ndiye aliye chini ya katazo kubwa kuliko wote, kwani jibu lake lingekuwa msaada, na msaada huo ungewadhulumu wale wawili waliochoka kukumbuka. Kukumbuka ndicho kitu kinachoshindaniwa. Bahati humpa kila mmoja karata zake. Kilicho chake mwenyewe ni kumbukumbu na busara ya kuitumia.

Mataifa mengine yalipambana na swali hilo hilo, na mengine yaliliandikia sheria. Huko Uingereza katika karne ya 18 ulienea mchezo wa wisti, nao pia ni wa watu wanne, wawili dhidi ya wawili, wenye turufu. Mwaka 1742 Edmond Hoyle, aliyekuwa akifundisha mchezo huo mjini London, alichapisha kijitabu cha maelezo yake na kukiuza kwa gini moja, bei ambayo si kila mtu angeimudu. Mwaka 1744 akatoa kingine kidogo, cha kuwasaidia wenye kumbukumbu dhaifu. Hakuwashauri washike kalamu. Aliwafundisha kuzipanga karata mkononi kwa namna maalumu, hata mahali pa karata pamkumbushe mwenyewe jambo lililopita. Hayo nayo ni maandishi, ingawa hayana wino, na kwa maoni yetu yanaukaribia sana mpaka. Lakini tofauti moja ipo: mkono wa mchezaji uko juu ya meza, na adui mwenye macho makali aweza kuusoma.

Kalamu iliingia mezani kwa mlango wa haki. Watu walilalamika kwamba katika karata bahati humshinda fundi. Mwaka 1857, mjini London, Henry Jones, aliyejulikana kwa jina la uandishi la Cavendish, alisimamia jaribio ambalo karata zile zile zilichezwa mara mbili na watu mbalimbali, ili bahati iwe sawa kwa wote na ufundi peke yake upimwe. Katika mashindano ya namna hiyo hapana budi matokeo ya kila mkono yaandikwe, la sivyo hayawezi kulinganishwa. Mfumo huo ulirithiwa na mchezo wa briji, ambao sura yake ya leo ilitengenezwa na Mmarekani Harold Vanderbilt akiwa safarini baharini mwaka 1925.

Sheria za briji za mashindano zastahili kusomwa na kila anayedhani kwamba adabu ni jambo la hisia tu. Katika briji wachezaji hunadi kwanza, yaani hutangaza idadi ya mizunguko wanayoahidi kuishinda, kisha ndipo karata huchezwa. Kila mtu anayo karatasi yake ya matokeo, na mkono ukiisha aweza kuandika kilichoahidiwa na kilichopatikana. Lakini tangu kunadi kunapoanza mpaka karata ya mwisho ichezwe, hana ruhusa ya kutumia chombo chochote cha kumsaidia kukumbuka wala kuhesabu. Tena kila jozi ya wachezaji huwa na kadi iliyoandikwa maana za matangazo yao. Adui aruhusiwa kuisoma kadi hiyo ifikapo zamu yake. Mwenye kadi haruhusiwi kuitazama ya kwake! Msomaji aweza kucheka, nasi tulicheka tulipoisoma mara ya kwanza. Lakini fikiri: mwenye kadi yampasa kuyakumbuka mapatano aliyoyafanya mwenyewe, na adui ana haki ya kujua kwamba hakuna mapatano ya siri. Kitu kilichoandikwa ni cha yule ambaye kingeweza kumdhuru. Huko Australia vilabu vingi vilikuwa na desturi ya kutoyasema matangazo kwa mdomo, bali kuyaandika juu ya daftari moja lililowekwa katikati ya meza, mbele ya macho ya wachezaji wote wanne.

Sheria yaweza pia kugeuka. Mwaka 1993 Mmarekani Richard Garfield, mtaalamu wa hisabati, alitoa mchezo wa karata uitwao Magic: The Gathering, ambao sasa una karata za aina maelfu kwa maelfu, kila moja na maneno yake. Katika mashindano ya mchezo huo mchezaji anaruhusiwa kuandika wakati wa mchezo na kuyatazama maandishi yake. Hata hivyo pambano lianzapo, karatasi lazima iwe tupu, na muda wote iwe mahali inapoonekana. Tena asipoteze wakati wa mwenzake kwa kuandika. Ruhusa na katazo vimekutana hapo mahali pamoja: kalamu sawa, lakini si chini ya meza.

Sasa tuje kwenye kalamu ya tatu, ambayo si ya mchezaji wala ya karani. Mwezi Mei mwaka 1965 mashindano ya dunia ya briji yalifanyika Buenos Aires, Argentina. Mchezaji wa Marekani, B. Jay Becker, alihisi kwamba Waingereza wawili mashuhuri, Terence Reese na Boris Schapiro, walikuwa wakizishika karata kwa idadi ya vidole iliyobadilika-badilika. Akamweleza mwenzake Dorothy Hayden, na mwandishi wa habari Alan Truscott. Wakawa wanatazama na kuandika: katika mkono huu vidole viwili, katika ule vitatu. Kisha wakalinganisha maandishi yao na karata zilizochezwa, wakasema kwamba vidole vililingana na idadi ya kopa alizokuwa nazo kila mmoja. Shirikisho la briji la dunia liliyapokea maandishi hayo, likawaona wana hatia. Waingereza nao wakaunda tume chini ya mwanasheria Sir John Foster, na mwaka 1966 tume hiyo ikaona kwamba ushahidi haukutosha kuwatia hatiani. Reese akaandika kitabu chake, Truscott naye akaandika chake. Karatasi zilikuwa zile zile, hukumu mbili, na wachezaji wakabaki wamegawanyika kwa miaka mingi.

Hatuna uwezo wa kuwahukumu watu wale, wala si kazi yetu. Tunachokiona ni kwamba anayeandika juu ya wengine hubeba mzigo mkubwa kuliko anayeandika kwa faida yake, kwa sababu maandishi yake hubaki hata baada ya mchezo kusahauliwa. Mtumishi wa ofisi huzoea kuamini kwamba kisichoandikwa hakikutokea. Ni rahisi pia kwake kuamini kwamba kilichoandikwa kilitokea.

Kwani ile pakiti ya sigara haikutupwa. Mhudumu aliyefagia ukumbi aliiokota, na siku ya pili akatuletea mezani, akidhani ni ya mmoja wetu. Tuliisoma. Palikuwa na mistari saba, kila mmoja wenye namba mbili: 67 na 53, 49 na 71, 62 na 58, na kuendelea hivyo. Tukajumlisha mstari wa kwanza, ukatoa 120. Wa pili, 120. Yote saba ilikuwa hivyo. Kijana alikuwa akiandika matokeo ya mikono iliyokwisha malizika, mambo ambayo kila mtu ukumbini aliyajua. Hakuandika karata hata moja. Kosa lake lilikuwa goti, kwamba aliandika mahali ambapo mzee hakuweza kuona.

Tuliipeleka pakiti kwa mwenyekiti wa kamati. Akaitazama kwa muda, akasema kwamba kombe limekwisha tolewa na muhtasari umekwisha tiwa saini. Mwaka uliofuata kamati ilitunga sheria: kalamu iwe moja, ishikwe na karani asiyecheza, aandike kila mkono unapokwisha, juu ya ubao unaoonekana na pande zote mbili. Mzee yule ndiye aliyeipendekeza, na ilipitishwa bila kupingwa. Orodha ya wachezaji wa mwaka huo tuliiandika sisi, na jina la karani wa masijala halikuwamo.